Mchezaji wa Pili

Wiki iliyopita nilipita kwa fundi simu mmoja pale Mwanjelwa kubadilishiwa kioo. Alikuwa ameinamia simu ya mtu mwingine, kifaa chake cha kulehemu kikitoa ule moshi mwembamba wa risasi inayoyeyuka, na moshi uliponifika puani nikajikuta nimekasirika. Si kuhuzunika. Kukasirika, kama mtu aliyetukanwa dakika hiyo hiyo. Fundi akaniuliza, "Vipi dada, nakuchelewesha?" Nikamwambia hapana, endelea tu. Ningemwambia nini kingine? Kwamba ile ndiyo iliyokuwa harufu ya baba yangu? Kwamba nilipokuwa na miaka kumi watu wazima walikaa sebuleni kwetu mtaa wa Soweto hapa Mbeya, wakanywa chai yetu, kisha wakatugawa?

Baba alikuwa fundi wa redio na televisheni. Kibanda chake kiliegemea ukuta wa nyumba tuliyopanga, na ndani, sebuleni, mama alifuma masweta ya shule kwa mashine ya mkono, ile ya kusukuma kushoto na kulia, krrr, krrr, kutwa nzima. Mbeya mtoto haendi shule mwezi wa sita bila sweta, kwa hiyo mashine ile haikujua kupumzika. Mimi na kaka yangu Festo, aliyenizidi miaka mitatu, tulikulia katikati ya harufu ile na mlio ule, na nilidhani kila nyumba duniani ina harufu ya baba upande mmoja na mlio wa mama upande mwingine.

Mashine ya gemu haikuwa yetu. Mteja mmoja aliileta ikiwa imekufa, akaondoka, hakuonekana tena. Baba aliiacha rafuni mpaka vumbi likaifunika, kisha siku moja akaifungua, akaiponya, akaichomeka kwenye televisheni yetu ya chogo. "Chezeni," alisema. "Lakini mwenyewe akija, mnaitoa bila kulia." Ilikuwa na pedi mbili, moja imechubuka, na tumboni mwake mlikuwa na diski iliyogoma kutoka. Baba alihangaika nayo kwa koleo akashindwa. Basi sisi tukawa watu wenye gemu moja tu.

Gemu yenyewe ilikuwa ya watu wawili. Vibonge viwili, kimoja chekundu na kingine cha bluu, vya duara kama matonge ya ugali yaliyoota miguu, vimefungwa kamba moja viunoni. Kazi yao kupanda mlima, basi. Hakuna kupigana, hakuna mbio za magari. Ila kila kitu mle kilikuwa na uzito wake kama vitu vya kweli. Jiwe ukilisukuma vibaya linabingirika na kukurudia. Ubao ukiukanyaga upande huu unanyanyuka upande ule. Na kibonge kimoja kikianguka, kamba inakivuta na cha pili, vyote viwili hao mpaka chini mlikoanzia. Dawa ilikuwa moja: mmoja abonyeze kitufe cha kushika, aung'ang'anie mwamba, ndipo mwenzake aruke. Halafu wabadilishane.

Chekundu kilikuwa changu, cha bluu cha Festo. "Sekela, shika! Umeshika? Usiachie mpaka niseme." Nami nilishika mpaka ncha ya kidole ikawa nyeupe. Nilikuwa mtoto wa kusahau madaftari na kumwaga maziwa, mtoto wa kuitwa "wewe nawe" mara kumi kwa siku. Lakini kwenye kushika sikuwahi kumwangusha kaka yangu.

Siku ya kikao ilikuwa Jumamosi. Baba mkubwa, kaka yake baba, alikuja na pikapu kutoka Iringa, kwao, njia ya Tosamaganga. Mjomba alikuja kutoka Tukuyu kwa upande wa mama, na mzee mmoja wa kanisa akaongezeka. Sisi tulikuwa katikati ya mlima. Tukaambiwa tutoke. Festo akaiacha mashine ikiwaka, akafunika televisheni kwa kitambaa ili wasione, na tukaenda kukaa kwenye matofali chini ya dirisha, tukitafuna mahindi ya kuchoma. Tuliona mkono wa mama ukipita na birika, ukimimina, ukiondoka. Hakukaa. Nilidhani hajapata kiti.

Nilikuwa najua baba na mama hawasemezani. Nilidhani ni jambo la muda, kama mafua. Kwa hiyo niliposikia baba mkubwa anasema, "Kila mtu abaki na chake," nilianza kupiga hesabu ya vitu. Mashine ya kufuma ya mama. Vifaa vya baba. Televisheni ya baba. Gemu ya yule mteja. Nikamnong'oneza Festo, "Na vitanda je?" Alikuwa ameacha kutafuna. Kisha sauti ya baba mkubwa ikasema tena, taratibu, kama mtu anayesoma tangazo: "Wa kiume aende kwao. Wa kike abaki na mama yake."

Wa kiume, nikaelewa, ni baba. Baba anakwenda kwao Iringa. Wa kike ni mimi. Festo hawakumtaja kabisa, nikafurahi kwamba yeye wamemsahau.

Mchana ule ule pikapu ilipakiwa. Masanduku ya vifaa, godoro, mfuko wa nguo, na juu ya godoro Festo. Nilidhani anakwenda kusaidia kushusha. Jumatatu ni shule, atarudi. Aliniangalia kwa namna ambayo sikuielewa, akasema, "Usiizime." Sikumpungia hata mkono. Mtu anayerudi kesho kutwa unampungia ya nini?

Nilipofunua televisheni, ambayo baba alituachia, kibonge cha bluu kilikuwa kimekaa chini, kichwa kimeinama, kimelala. Katikati ya kioo palikuwa na maandishi ya Kiingereza. Neno moja nililijua, wait, kwa sababu mwalimu wetu alilisema kila dakika huku ametunyooshea kiganja. Mwishoni palikuwa na namba 2. Nikaelewa vizuri kabisa: subiri, wa pili anakuja.

Ninyi mliokua pamoja nami mtaniunga mkono kwamba haikuwa akili mbovu. Simu iliita mpaka Iringa bila waya. Televisheni ilidaka watu walioko Dar es Salaam. Kwa nini mashine hii ishindwe? Tena baba alikuwa huko, fundi, bila shaka angemtengenezea Festo nyingine, na siku hiyo kibonge cha bluu kingeinuka chenyewe. Kila nikitoka shule niliwasha televisheni, nikakaa na sare yangu mbele ya kioo, nikasubiri kiinuke. Mama aliposukuma mashine yake nilimwomba apunguze kelele, nisije nikamkosa.

Simu ilikuwapo ndani. Niliomba tumpigie. Mama alisema, "Wamesema tuwaache mzoee kwanza." Sikuuliza wamesema akina nani. Sikujua bado kwamba hilo ndilo swali.

Mwalimu Sanga, aliyefundisha Kiingereza shule ya jirani, ndiye aliyenifungua macho. Alikuja kuchukua sweta la mwanawe, akanikuta nimekaa, akauliza ninatazama nini kisichotikisika. Nikamweleza. Alisoma maandishi yale, akapiga magoti karibu yangu, na namshukuru mpaka leo kwamba hakucheka.

"Sekela, mwanangu, hii haimwiti mtu wa Iringa. Inasema inamsubiri mchezaji wa pili abonyeze kwenye pedi hiyo hapo. Hiyo hapo chini. Asipobonyeza mtu aliyemo humu ndani, itasubiri mpaka mwaka mwingine."

"Kwa hiyo haji?"

Alimtazama mama. Mama alitazama nyuzi zake. Hapo ndipo nilipomwelewa baba mkubwa. Wa kiume hakuwa baba peke yake.

Sikulia. Nawaambieni kwa sababu watu wakisimuliwa hadithi hii husubiri nilie. Niliiokota pedi iliyochubuka, ya Festo, nikabonyeza, kibonge cha bluu kikafumbua macho, kikanyoosha miguu, kikasimama. Nikasema kwa sauti, mama asikie, "Kama hamumleti, nitawacheza wote wawili."

Kusema ni rahisi. Siku ya kwanza sikuvuka hata lile bonde la mwanzo ambalo mimi na Festo tulikuwa tukilivuka tunapiga soga. Pedi moja kwenye kila goti, mkono huu chekundu, mkono ule bluu, na mikono ikagombana kama watoto wa baba mmoja. Nikimwambia wa kushoto aruke, anaruka wa kulia. Wote hao chini. Nikajaribu pedi moja mikononi, nyingine sakafuni chini ya mguu, na hapo nikagundua kitu: kidole gumba cha mguu kina nguvu ya kushika kuliko unavyodhani. Hakiwezi kutembeza wala kurusha, lakini ukikiambia shika, kinashika. Basi nikawa nacheza peku kwenye baridi ya Mbeya, ukungu umeteremka mpaka madirishani, vidole vimepasuka. Nilikitembeza chekundu kwa mikono, nikakishikisha, nikabadilisha pedi, juu iwe chini, chini iwe juu, nikakitembeza cha bluu. Hatua ambayo watu wawili hupiga kwa pumzi moja, mimi nilipiga kwa dakika nzima. Ila ilipigwa.

Watu hawakupenda. Mama mdogo, mdogo wake mama, alimleta binti yake Anna acheze nami. "Mchezo wa wawili huchezwa na wawili," alisema, kana kwamba mtu ni kifungo cha sweta, kimoja kikidondoka unashonea kingine. Anna alikuwa mtoto mzuri, hakunikosea chochote. Nilimpa karanga, nikampa kiti, pedi sikumpa. Wateja wa mama walinikuta nimekanyaga pedi kwa mguu peku kama fundi cherehani aliyerukwa na akili, wakamuuliza, "Mama Festo, huyu mzima kweli?" Wakimwita Mama Festo hivyo hivyo, na Festo hayupo.

Kulikuwa na ukuta. Wote mliocheza michezo ya aina ile mnajua pana ukuta. Huu ulikuwa wa mwisho, mweupe, laini, hauna pa kukanyaga, una michomozo midogo tu iliyoachana mbali. Ilibidi mmoja ashike, mwingine aning'inie kwenye kamba, abembee kushoto na kulia mpaka apate kasi, aurukie mchomozo wa juu, aushike, ndipo wa chini aachie na kuning'inia yeye. Ukikosea mara moja, unarudi mwanzo wa ukuta. Mimi na Festo tulikuwa tumeuona kwa mbali tu. Nilianguka pale miezi. Nilianguka msimu wa maparachichi ukaanza mpaka ukaisha.

Siku moja mlio wa mashine ya mama ulinyamaza nyuma yangu. Sikugeuka. Nilikuwa nusu ya ukuta, mguu umekufa ganzi. Kibonge cha bluu kikateleza, wote hao chini. Nikasikia mama anasema polepole, "Yule wa bluu umemwachia mapema." Alikuwa amesimama na uzi begani. Alikuwa ametazama muda mrefu, maana alijua wa bluu ni yupi na kushika ni nini. Akavuta stuli, akakaa pembeni yangu, akanyoosha mkono.

"Nipe hiyo nyingine. Nikusaidie kumshikia."

Nilimtazama mama yangu usoni nikamwambia, "Hapana. Wewe ndiye uliyemwachia."

Alirudisha mkono wake mapajani. Hakunipiga, na ningeona nafuu angenipiga. Alirudi kwenye mashine yake, akakaa, na ilichukua muda mrefu sana kabla mlio haujaanza tena. Maneno mengi niliyosema utotoni yamepotea. Hayo hayajapotea.

Nilimaliza ukuta Jumapili moja baada ya ibada, mama akiwa bado kanisani kwenye kikundi cha akina mama. Sikufanya kitu kipya siku hiyo. Mikono na mguu vilikuwa tu vimekoma kugombana. Chekundu kilipopanda mchomozo wa mwisho nilikishikisha, nikakivuta cha bluu kwa kamba, kikaja, kikasimama. Vibonge vikakaa kileleni miguu ikining'inia, theluji ikaanza kuanguka, muziki ukapiga, majina ya watu nisiowajua yakapanda kwenye kioo. Nilipiga makofi. Halafu majina yakaisha, kioo kikawa cheusi, na hakuna kilichotokea. Mpaka dakika ile sikuwa najua kwamba nilikuwa nasubiri kitu kitokee. Nilikuwa nimeamini, bila kujiambia, kwamba nikifika juu nitalipwa kaka.

Nilikaa nikitazama kioo cheusi, hasira ikanipanda kuanzia kwenye kile kidole gumba. Wote walisema haiwezekani mtu mmoja. Imewezekana. Sasa kufika Iringa peke yangu nako kuna nini?

Asubuhi ya Jumatano nilivaa sare nikatoka kama ninakwenda shule. Nauli niliichukua kwenye kopo la mama, na hilo ni wizi, silipambi. Stendi nilimwambia kondakta shangazi yangu ananisubiri Ipogolo, pale Iringa mjini penye stendi ya chini. Hakuniamini. Alikuwa ananishusha, mkono wake begani mwangu, ndipo mama mmoja aliyekaa kiti cha mbele na magunia matupu mapajani akasema, "Mwache, huyo ni wangu." Alikuwa anakwenda Ruaha Mbuyuni kununua vitunguu. Kondakta alipotoka kwenda nyuma, mama yule alinigeukia.

"Haya. Wewe ni wa nani?"

Nilimweleza yote, kuanzia pikapu mpaka ukuta. Alisikiliza tukapita Makambako, tukapita Mafinga na misitu yake ya misonobari, hakunikatiza. Mwisho akauliza kama naijua namba ya mama kichwani. Nikamtajia kwa majivuno, nikidhani anapima kama nasema kweli. Ipogolo alishuka pamoja nami, akanikabidhi kwa mwanamke aliyekuwa anampelekea mgonjwa chakula hospitali ya Tosamaganga, akarudi kwenye basi. Namba aliipiga nikiwa nimeshaondoka. Nilijua baadaye. Nilimchukia siku moja na nimempenda siku zote zilizobaki.

Kwa baba mkubwa nilikuwa nimefika Krismasi moja tu, lakini nilikumbuka: unapita kanisa kubwa la matofali, unafuata mikaratusi, unateremka. Mwanamke yule alinisindikiza mpaka kwenye mikaratusi. Shambani kulikuwa na mtu mrefu anachimba viazi. Nilimpita. Ndipo akaniita, kwa sauti nzito ya mtu nisiyemjua, "Sekela?"

Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri njia nzima. Yaliyotoka ni, "Mbona hukurudi?"

Festo aliegemea jembe. "Si ulikataa kuja huku? Baba mkubwa aliniambia ulitumiwa habari, ukaulizwa kama unataka kuja kusalimia, ukasema hutaki, usisumbuliwe."

"Mimi niliulizwa na nani?"

"Sasa mimi nitajuaje? Nilijua umenikasirikia. Kwa kuondoka."

Tulitazamana. Mwaka mzima alikuwa amelala akijua nimemkataa, na mimi mwaka mzima nikijua amesahau. Ndipo nikaona alichovaa. Sweta la kijani kibichi, lenye ukingo wa pingili ambao mtu mmoja tu Mbeya nzima alikuwa akiufuma. Festo alikuwa ameongezeka shubiri nzima, na mikono ya sweta ilimfika sawasawa.

"Hilo umelipata wapi?"

"Mama hutuma kwa basi. Hili la tatu. Ananibahatishia vipimo."

Nikakaa chini kwenye tuta la viazi. Mama alikuwa amefuma mwili asiouona, akiukuza kichwani mwake mwezi kwa mwezi, nyuma ya mgongo wangu, krrr, krrr, huku mimi nimemwambia nilichomwambia. Festo aliona uso wangu umebadilika, akakaa pembeni, akauliza, "Ile mashine bado inawaka?"

"Nimemaliza."

"Umemaliza nini?"

"Mlima. Na ukuta."

"Na nani?"

"Peke yangu."

"Acha uongo, Sekela. Ule ukuta ni wa watu wawili."

Nilivua kiatu nikamwonyesha kidole. Alikitazama, akanitazama, akacheka, kile kicheko cha zamani kikatoka ndani ya sauti ile mpya, mpaka akalala kifudifudi kwenye udongo.

Baba mkubwa hakucheka. Alinikalisha sebuleni kwake kama mshitakiwa. Baba alikuwa ameitwa kutoka kwenye kibanda chake kipya mjini, amesimama mlangoni, kofia mkononi.

"Nani amekuruhusu kuja?"

"Hakuna."

"Mtoto wa kike unapanda basi peke yako, mkoa kwa mkoa, hakuna aliyekuruhusu?"

"Baba mkubwa, ulimwambia Festo nimekataa kuja. Mimi sikukataa. Sikuulizwa."

"Watoto hawaulizwi," alisema. "Watoto wanaamuliwa." Kisha akamgeukia baba. "Huyu ameharibiwa na ile televisheni yako." Baba aliangalia kofia yake. Nami macho sikuyashusha, na najivunia hilo kuliko vyeti vyangu vyote.

Mama alifika kesho yake mchana, kitenge kimejaa vumbi jekundu mpaka magotini. Wanawake wa pale walimpokea, "Kamwene, Mama Festo, kamwene," wakamwekea kigoda jikoni. Aliwashukuru, akawapita, akaingia sebuleni akakaa kwenye kiti chenye mto, mkabala na baba mkubwa.

"Shemeji," alisema, "kile kikao mlinipa kazi ya kumimina chai. Leo sikuja kumimina."

"Mama Festo, ukoo uliamua."

"Ukoo haukumzaa." Sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu anayehesabu safu za uzi. "Mtoto wangu amekaa hapa mwaka akiambiwa dada yake hamtaki. Nani katika ukoo aliamua hilo? Nimtazame."

Hakuna aliyejitokeza atazamwe. Baba mkubwa alianza neno. Ndipo baba, kutoka mlangoni, akasema, "Kaka, basi. Likizo zote wawe pamoja. Moja huku, moja Mbeya. Basi." Mbele ya kaka yake sikuwahi kumsikia akisema maneno mengi kuliko hayo, kabla wala baada.

Baba na mama hawakurudiana. Sitaki kuwadanganya. Mashine ya gemu ilikufa miaka michache baadaye na baba hakuwapo kuiponya. Mwenyewe hakuja kuidai. Festo yuko Iringa na watoto wake, na wakati mwingine tunakaa miezi bila kupigiana simu, kama ndugu wengine wowote, kwa uvivu tu, si kwa amri. Mimi nimebaki na tabia ambayo imenigombanisha na wakubwa wawili kazini: mtu akisema kwenye kikao "tumeamua", nauliza akina nani. Sina mpango wa kuiacha.

Siku tuliyoondoka, pale Ipogolo, mama alinipiga kofi moja mbele za watu, kwa ajili ya basi na kwa ajili ya kopo. Nililistahili. Kisha akaninunulia andazi na chai ya maziwa, tukakaa kwenye benchi kusubiri gari.

"Mama," nikasema, "siku ile, maneno yale…"

"Kosa lako ni basi," alinikatiza. "Hayo mengine hukuwa na wa kukuambia. Mimi nilipaswa kukuambia."

Nilitafuna andazi. Shavu liliwaka moto. Niliona ni heri aelewe mapema, asije akashangaa baadaye.

"Wakimkataza Festo kuja Desemba, nitapanda basi tena."

"Najua," mama alisema, akipangusa vumbi kwenye kitenge chake. "Ila safari hiyo tiketi nitakata mimi, na nitakata mbili."